GARI INASEMA: «NIKO HAPA»

Ndugu mutumikaji, gari imetoka asubui, jua linashuka, na hakuna mutu anayejua iko wapi. Utatuma watu kuitafuta upande gani?

Wapenzi wa redio, wale wanaosemezana hewani bila kutafuta faida, wana njia inayoitwa APRS. Bob Bruninga, enjinia wa Marekani, alianza mwaka 1982 kuonyesha kwa ordinatere mahali meli ziliko. Mwaka 1984 alifuata hivyo farasi katika mashindano ya kilometa 160.

Namna yake ni hii: ndani ya gari, chombo cha GPS kinasikia satelite na kujua mahali. Redio inatuma habari hiyo. Kule Ulaya ni kwa 144,800 MHz. Redio ingine, juu ya mulima, inairudilia. Mwishoni alama inaonekana kwenye ramani.

Lakini angalisho! Mawimbi hayo hayapenyi mulima. Ndani ya shimo refu la machimbo, redio inaweza kunyamaza, na alama inabaki pale gari ilisikiwa mara ya mwisho. Basi utazame saa ya alama. Kama ni ya zamani, usiseme «iko salama». Uite shofere, asipojibu, muanze kutafuta kutoka pale.

Na wewe shofere, mbele ya kutoka, useme njia utakayoshika na saa ya kurudi. Wa nyumbani nao wajue.

Ukumbuke: mashini inaonyesha mahali gari iko, haisemi kama mutu ni muzima.