Hewa Iingiayo Mtungini: Wajibu wa Biashara za Uzamiaji

Tangu Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilipoanzishwa mwaka 1995, uzamiaji umekuwa miongoni mwa shughuli zinazowaleta wageni Utende na Ghuba ya Chole. Mgeni huiona boti. Haioni kompresa iliyo nyuma ya banda, wala aghalabu hamwoni kijana anayejaza mitungi. Huyo kijana ndiye anayestahili kufunzwa kwanza.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya 2003, inamtaka mwajiri kusajili mahali pa kazi kwa OSHA na kuwafahamisha wafanyakazi hatari za vitu wanavyovitumia. Kituo kidogo cha uzamiaji hakikusamehewa.

Hatari iliyo kubwa haina rangi wala harufu. Kaboni monoksidi hutoka katika moshi wa injini. Tundu la kompresa likiwa karibu na jenereta, gesi hiyo huvutwa na kushindiliwa mtungini. Katika kina cha mita 30 shinikizo huwa mara 4 ya lile la juu ya maji, hivyo kiasi ambacho nchi kavu kingeleta maumivu ya kichwa huweza kumpotezea mzamiaji fahamu. Chujio la mkaa pekee haliizuii. Hata kompresa ya umeme haina kinga kamili, kwani mafuta yake yakipata joto kupita kiasi huungua na kutoa gesi ileile.

Kisiwani kwetu yapo pia mambo ya pepo, ambayo mkufunzi mgeni aweza kuyapita. Bomba lililowekwa vyema wakati wa kaskazi laweza kuvuta moshi inapoingia kusi. Mjazaji afundishwe kutazama upepo kabla ya kuwasha mashine, tena apewe mamlaka ya kuizima bila kungoja ruhusa ya mtu.

Mtungi wa oksijeni ya huduma ya kwanza usishikwe kwa mikono yenye grisi, na vali yake ifunguliwe polepole, kwa kuwa mafuta yakikutana na oksijeni yenye shinikizo huweza kuwaka. Petroli ya boti iwekwe mbali na kompresa. Dawa za kusafishia zisitiwe katika chupa za maji ya kunywa, na maelezo yake yabandikwe kwa Kiswahili.

Mzamiaji akiumwa kichwa au kupata kichefuchefu baada ya kuzama, asiambiwe ni mawimbi tu. Apewe oksijeni, afikishwe hospitali, na mitungi yote iliyojazwa pamoja na wake itengwe hadi hewa yake ipimwe.