Daftari la Siku Ishirini na Moja

Mgonjwa wa saratani anayeishi Mtabila, kwenye vilima vya Kasulu, ana safari ya zaidi ya kilomita 1,000 hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam. Hospitali ya Bugando ya Mwanza iko karibu zaidi, lakini kufika huko nako huchukua kutwa nzima ndani ya basi. Akishatundikiwa dripu ya dawa za saratani hurudi nyumbani, na mara nyingi dripu inayofuata huwa baada ya siku 21. Katika wiki hizo tatu madhara ya dawa humkuta akiwa jikoni, shambani au kitandani, mbali na daktari anayemtibu.

Hapo ndipo daftari la shule, lile la bei ya chini kabisa dukani, linapopata kazi.

Ukurasa mmoja unaweza kuandikwa hivi: “Siku ya 9 tangu dripu. Joto asubuhi 37.2, jioni 38.3. Vidonda mdomoni. Uji nusu kikombe, ugali umenishinda. Maumivu ya kiuno 6 kati ya 10; baada ya dawa, 3. Vidole vya miguu vina ganzi.”

Mistari hiyo michache ina mambo mazito. Dawa nyingi za saratani hupunguza chembe nyeupe za damu, na kwa kawaida huzishusha zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14. Homa ya nyuzi 38 au zaidi katika siku hizo ni dharura: mgonjwa anatakiwa kufika hospitali siku hiyohiyo, hata kama jirani anasema ni malaria tu. Ganzi nayo ina maana yake, kwa sababu baadhi ya dawa, vinkristini ikiwemo, huumiza mishipa ya fahamu, na daktari akijua mapema anaweza kupunguza kipimo. Namba za maumivu humsaidia kupanga dawa ya kutuliza, kama vile mofini ya maji.

Bila maandishi, mengi ya hayo hupotea. Mgonjwa akiulizwa kliniki ameendeleaje, adabu humfanya ajibu, “Namshukuru Mungu,” na zamu ya mwenzake inafika. Daftari humsemea yale ambayo heshima na uchovu vimeyameza.

Kwa waliohamahama, faida ni kubwa zaidi. Mtabila palikuwa na kambi ya wakimbizi wa Burundi hadi ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2012, na Nyarugusu, iliyoanzishwa mwaka 1996 wilayani humohumo Kasulu, imepokea watu kutoka Kongo na Burundi. Mtu akihama, faili lake linaweza kubaki nyuma. Daftari huenda naye.

Kuna kurasa nyingine ambazo daktari hana haja ya kuzisoma. Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Marekani James Pennebaker na mwenzake Sandra Beall walichapisha utafiti wa wanafunzi walioandika kuhusu machungu yao dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Miezi iliyofuata, walioandika kwa kina walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao. Mwaka 2002 Annette Stanton na wenzake walijaribu njia kama hiyo kwa wanawake 60 wenye saratani ya matiti, na walioandika hisia zao waliripoti dalili chache za mwili. Tafiti za baadaye zimetoa majibu mchanganyiko. Hakuna utafiti ulioonyesha kwamba kuandika huponya saratani, na baadhi ya watu huhisi huzuni zaidi mara tu wanapomaliza kuandika. Anayezidiwa na huzuni hiyo aiache kalamu kwanza, amtafute wa kuzungumza naye.

Afrika Mashariki ina mfano wake. Nchini Uganda, kuanzia miaka ya 1990, akina mama wa chama cha NACWOLA waliokuwa wakiishi na VVU waliandika vitabu vya kumbukumbu kwa ajili ya watoto wao: ukoo wanakotoka, baba yao alikuwa nani, mtoto alizaliwaje. Wengi walipata humo njia ya kuwaambia watoto habari ya ugonjwa ambayo midomo ilishindwa kuitamka. Mama mwenye saratani katika wilaya jirani ya Kibondo anaweza kufanya vivyo hivyo, kwa Kiswahili au Kiha.

Asiyejua kusoma amwombe mtoto au mhudumu wa afya wa kijiji amwandikie dalili, na ya moyoni ayarekodi kwenye simu. Ni vyema madaftari yawe mawili, moja la hospitali na moja la siri. Ukurasa wa kwanza wa lile la hospitali uwe na majina ya dawa, tarehe ya kila dripu, dawa zinazomdhuru, namba ya simu ya kliniki na tarehe ya kurudi, ili muuguzi wa zamu ya usiku Kasulu au Kibondo aanzie hapo.