Sura ya Tano: Darubini ya Kutazamia Kivu na Milima Yake

Mtu anaposhika darubini dukani, swali lake la kwanza huwa inavuta mara ngapi. Muuzaji analijua swali hilo, ndiyo maana namba kubwa huchapishwa kwa rangi kali juu ya boksi. Sura hii inadai kwamba namba hiyo ni ya tatu kwa umuhimu. Ya kwanza ni mwanga unaofika jichoni, ya pili ni utulivu wa picha mkononi. Asiyezingatia hizo mbili atanunua chombo kizito kinachomwonyesha ukungu uliokuzwa.

Gisenyi, mji mkuu wa wilaya ya Rubavu nchini Rwanda, ni mahali pazuri pa kujifunzia jambo hili. Mbele yako kuna Ziwa Kivu, lililo kwenye mwinuko wa mita 1,460 hivi kutoka usawa wa bahari. Kaskazini, ng'ambo ya mpaka, umesimama mlima wa moto wa Nyiragongo wenye mita 3,470, umbali wa kilomita kama 20. Kusini-mashariki kuna vilima vinavyopanda hadi msitu wa Gishwati. Maji wazi, mlima wa mbali na msitu wenye giza ni mitihani mitatu tofauti, na darubini moja haiwezi kushika nafasi ya kwanza katika yote mitatu. Kuchagua ni kuamua mtihani upi ni wako.

Namba mbili kwenye mwili wa darubini

Karibu kila darubini ya macho mawili ina maandishi kama 8x42 au 10x25. Namba ya kwanza ni ukuzaji: 8 maana yake kitu kilicho mita 800 kinaonekana kana kwamba kiko mita 100. Ukielekeza darubini hiyo Nyiragongo, mdomo wa mlima unasogea kutoka kilomita 20 hadi 2.5. Namba ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Lenzi hiyo inafanya kazi ya beseni linalokinga mvua: kadiri mdomo wake ulivyo mpana, ndivyo inavyokusanya mwanga zaidi. Kwa kuwa eneo la duara hukua kwa mraba wa kipenyo, lenzi ya milimita 42 hukusanya mwanga karibu mara tatu ya ule wa milimita 25, ingawa kwa macho tofauti yao yaonekana ndogo.

Sasa gawanya namba ya pili kwa ya kwanza. 8x42 inakupa milimita 5.25, 10x42 inakupa 4.2, 10x25 inakupa 2.5 tu; 7x50, darubini ya mabaharia, inakupa zaidi ya 7. Jibu hilo ndilo upana wa mwali unaotoka nyuma ya darubini na kuingia jichoni mwako. Unaweza kuuona mwenyewe. Nyosha mikono, elekeza darubini kwenye anga angavu mbali na jua, utaona kijiduara cheupe katikati ya kila lenzi ya nyuma.

Kijiduara hicho kinakutana na mboni ya jicho. Mchana wa jua kali mboni hubana hadi milimita 2 au 3, na gizani hutanuka hadi 5, 6, hata 7 kwa kijana. Kadiri umri unavyosogea, mboni hupungua uwezo wa kutanuka. Basi saa sita mchana pwani ya Gisenyi, 10x25 ya mfukoni inatosha, kwa sababu mwali wake wa milimita 2.5 unaijaza mboni iliyobanwa. Mwanga ukififia, mboni inafunguka na chombo kile kile hakina cha kuijaza. Hapo ndipo bei rahisi na umbo dogo huanza kukudai.

Mwanga wa saa kumi na mbili

Gisenyi iko chini kidogo ya nyuzi 2 kusini mwa ikweta. Mwaka mzima jua huchomoza na kuzama karibu na saa kumi na mbili, na mapambazuko yenyewe ni mafupi: kutoka mwanga wa kutambua nyuso hadi jua kutokeza ni dakika 20 hivi. Kwa mtazamaji hizi ndizo dakika zenye thamani kubwa kuliko zote. Ndipo wavuvi wa isambaza wanaporudi, mitumbwi yao ikiwa imeunganishwa mitatu mitatu kwa miti mirefu, baada ya usiku wa kuvutia samaki kwa taa. Samaki hao wadogo hawakuwa wa Kivu. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ni uti wa mgongo wa uvuvi wa ziwa hili. Ndipo pia mnandi na mdiria wanapoanza kuwinda, na sokwe wa Gishwati wanapotoka katika viota vyao.

Mwenye darubini ya mwali wa milimita 4 kwenda juu ataiona kamba ya wavu na rangi ya manyoya ya ndege. Mwenye mwali wa 2.5 ataona vivuli vikubwa. Kwa msitu hali ni hiyo hiyo hata mchana, kwani chini ya miti ya Gishwati mwanga ni hafifu. Msitu huo ulikatwa vibaya kwa miongo mingi kabla ya kuunganishwa na msitu wa Mukura kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2015, na mwaka 2020 eneo hilo likatambuliwa na UNESCO kuwa hifadhi ya biosfia. Anayekwenda huko kumtafuta turako wa Ruwenzori, ndege ambaye wekundu wa mbawa zake hujificha mpaka aruke, anahitaji mwanga na upana wa kuona kuliko ukuzaji. 8x42 ya kawaida huonyesha upana wa mita 130 hivi kwa kila mita 1,000. 10x42 huwa karibu 110. Ndege anaporuka kutoka tawi hadi tawi, tofauti hiyo ndiyo ya kumpata au kumkosa.

Mkono na hewa

Darubini haikuzi mlima peke yake. Inakuza pia mtetemo wa mkono, mapigo ya moyo na pumzi ya mtu aliyetoka kupanda kilima cha Rubavu. Watu wengi huweza kuishika 8x ikatulia; kwa 10x wengine huanza kuhangaika; kwa 16x au 20x karibu kila mtu anahitaji kiegemeo cha miguu mitatu. Zile zinazotangazwa kuvuta mara 50 au 100 kwa bei ya chini hazifai kushikwa mkononi hata kidogo, na mara nyingi lenzi zake hazina uwezo wa kubeba ukuzaji huo. Ukitumia 12x, egemea ukuta, bana viwiko mbavuni, au kaa chini uweke viwiko juu ya magoti.

Tena kuna hewa yenyewe. Kati ya Gisenyi na Nyiragongo kuna kilomita nyingi za hewa inayopashwa joto na miamba myeusi ya lava na mabati ya Goma, mji wa Kongo ulio ng'ambo ya mpaka. Kuanzia asubuhi ya saa nne picha huanza kucheza, na hakuna lenzi ya bei yoyote inayoweza kuituliza. Wakati wa impeshyi, kiangazi cha Juni hadi Agosti, vumbi na moshi hufunika milima kwa siku nyingi. Mvua ya usiku ikisafisha anga, asubuhi yake darubini ya kawaida hushinda ile ya kifahari iliyotumiwa katikati ya Julai. Kuchagua saa ni sehemu ya kuchagua chombo.

Wenyeji wa hapa hawautazami mlima ule kwa starehe peke yake. Ulilipuka mwaka 1977, ukalipuka tena 2002 na 2021, na matetemeko yaliyofuata mlipuko wa mwisho yalipasua nyumba za Rubavu. Darubini itakuonyesha moshi na mwangaza wa usiku, lakini haioni yanayotokea chini ya ardhi. Wanaopima mitikisiko na gesi ndio wa kusikilizwa.

Kioo na mpako wake

Darubini mbili zinaweza kuandikwa 8x42 na moja ikawa bora mara dufu. Siri iko ndani. Kila mwanga unapopita kutoka hewani kuingia kwenye kioo kisichopakwa dawa, asilimia 4 hivi hurudi nyuma. Ukipita nyuso 10 za namna hiyo, unabakiwa na asilimia 66 ya mwanga ulioingia. Mwaka 1935 Alexander Smakula, mwanafizikia wa kampuni ya Zeiss huko Ujerumani, alipata njia ya kupaka kioo tabaka jembamba sana linalopunguza upotevu huo. Mipako ya kisasa ya tabaka nyingi hushusha hasara hadi nusu ya asilimia au chini yake kwa kila uso. Nyuso 10 zile zile sasa hupitisha asilimia 95.

Utaitambuaje dukani? Tazama taa ikiakisiwa kwenye lenzi ya mbele. Mwakisiko hafifu wa kijani au zambarau ni dalili njema. Mwakisiko mweupe, mkali, ni dalili ya kioo kitupu. Lenzi nyekundu kama kaa la moto, zinazopendwa kwa mapambo, hutupa nje sehemu ya mwanga na kuharibu rangi.

Ndani mna pia prizimu zinazoigeuza picha iliyopinduliwa. Mpangilio wa zigizaga, uliobuniwa na Mwitaliano Ignazio Porro mwaka 1854, huifanya darubini kuwa na mabega mapana. Ule wa mstari mmoja huipa umbo jembamba. Kwa fedha kidogo, ile yenye mabega mara nyingi huwa na picha nzuri zaidi, kwa sababu prizimu zake ni rahisi kutengeneza vizuri. Rudia jaribio la kijiduara cheupe: kikiwa duara kamili, prizimu ni nzuri, kikikatwa pembe kama mraba, mwanga unapotea pembeni.

Miwani, mvua na ukungu

Anayevaa miwani aulize umbali wa jicho, yaani nafasi kati ya lenzi ya nyuma na jicho ambamo picha nzima huonekana. Ikiwa chini ya milimita 15, ataona tundu dogo lililozungukwa na giza. Rubavu ina misimu miwili ya mvua, na unyevu ukiingia ndani ya darubini huota ukungu juu ya kioo, nao hautoki kwa kufuta. Nunua iliyozibwa na kujazwa gesi ya naitrojeni kama uwezo unaruhusu. La sivyo, iweke mahali pakavu penye hewa, usiifungie ndani ya mkoba uliolowa.

Uzito nao una kauli. Njia ya miguu ya Congo Nile, inayoanzia Rubavu hadi Rusizi, ina kilomita 227. 8x42 huwa na gramu 600 hadi 800, 7x50 hukaribia kilo. Kwa mwendo wa namna hiyo 8x32, yenye mwali wa milimita 4, ni suluhu ya busara.

Darubini ya bunduki

Wengine huuliza kama darubini ya bunduki inaweza kufanya kazi hizi. Kanuni za mwanga ni zile zile, ila imetengenezwa kwa shabaha nyingine. Umbali wake wa jicho ni sentimita 8 hadi 10, ili bunduki inaporudi nyuma isimpasue mtu nyusi. Upana wake ni mdogo, na jicho moja tu ndilo linalotazama. Hata kwa bunduki inayojipakia risasi yenyewe, inayotumika kwa masafa mafupi, wataalamu huchagua ukuzaji mdogo, mara nyingi unaoanzia 1 hadi 6, kwa sababu ile ile tuliyoiona msituni: upana wa kuona na wepesi wa kulipata lengo. Muhimu zaidi, kutambua kitu kwa darubini ya bunduki ni kumwelekezea mtutu usiyemjua. Kutambua ni kazi ya darubini ya mkononi, kila mara na kila mahali.

Gisenyi ni mji wa mpaka, na Goma imepitia vita hadi miaka hii ya karibuni. Usielekeze darubini yoyote kwenye vizuizi vya mpaka, kambi au askari. Wala usiielekeze kwenye jua linalozama ziwani. Lenzi zitalikusanya na kuliunguza jicho moja kwa moja.

Ya kununua

Kwa mwenye uwezo wa kununua moja tu, jibu langu ni 8x42 yenye mipako ya tabaka nyingi. Mvuvi au nahodha achukue 7x50. Anayetazama milima na ziwa wazi mchana, mwenye mkono mtulivu, anaweza kwenda 10x42. Anayepanda Kinigi, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Volkano, kuwaona sokwe milima, ambako wageni hukaa umbali wa mita 10, ahakikishe darubini yake inaweza kulenga karibu hivyo. Kwa 8x ataona mikunjo ya pua ambayo kwayo waongozaji humtambua kila mnyama.

Kabla ya kulipa, funga jicho la kulia, lenga kwa gurudumu la kati, kisha funga la kushoto na urekebishe pete ya lenzi ya kulia. Tazama ukingo wa paa la mbali kwa macho yote mawili. Ukiona kingo mbili, au kichwa kikianza kuuma, mirija haijanyooka sawasawa: iache hapo hapo.

Nchini Rwanda, umusambi, korongo mwenye taji, huhesabiwa kila mwaka tangu 2017, na sehemu ya kazi hiyo hufanywa na watu waliosimama kando ya mabwawa wakitazama. Hesabu yao ina thamani sawa na kile wanachokiona. Darubini nzuri mikononi mwa mwenyeji ni chombo cha ulinzi wa nchi yake, kwa hiyo haipaswi kubaki mali ya wageni wanaopita.