MZIGO WA WAPAGAZI WAPANDA JUKWAANI

Mkazi wa Bomeni, katika mji wa Taveta, anapotoka nje asubuhi yenye anga safi huuona mlima Kilimanjaro ukimtazama. Na akisafiri kwa njia ya kwenda Voi hukipita kilima cha Salaita. Kilima chenyewe si kirefu, wala mgeni hawezi kukitilia maanani. Walakini tarehe 12 Februari 1916 askari kutoka Afrika ya Kusini walikishambulia wakarudishwa nyuma na majeshi ya Wajerumani, na kikosi cha Wabaluchi kutoka Bara Hindi ndicho kilichowasaidia kurudi salama. Mwezi uliofuata, tarehe 11 na 12 Machi, vita vikahamia vilima vya Latema na Reata, karibu kabisa na mji.

Habari za askari wale zimeandikwa katika vitabu vingi, na makaburi yao yanatunzwa vizuri mpaka leo. Lakini ni nani aliyewabebea chakula, risasi, mahema na dawa? Walikuwa ni Waafrika wapagazi, ambao hesabu yao iliwazidi askari mara nyingi. Katika vita vile vya Afrika Mashariki, vya mwaka 1914 hata 1918, watu wapatao milioni moja walichukuliwa kubeba mizigo upande wa Waingereza peke yake, na waliokufa hukadiriwa kuwa laki moja au zaidi. Wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na malaria, tumbo la kuhara damu, njaa na uchovu. Mbung'o walikuwa wameua farasi na ng'ombe, barabara hazikuwapo, basi shingo ya mtu ikawa ndiyo gari. Jina la kikosi chao, yaani Carrier Corps, limebaki vinywani mwetu katika mitaa ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, na watu wengi wanaofanya biashara huko hawajui neno hilo limetoka wapi.

WATUNGAJI WA NCHI MBALIMBALI

Basi yafaa wasomaji wapate habari ya mchezo mmoja wa kuigiza uliotungwa kwa ajili ya wapagazi hao. Jina lake ni The Head and the Load, nalo limetokana na methali ya watu wa Ghana isemayo kwamba kichwa na mzigo ni taabu ya shingo. Aliyeuongoza ni Bwana William Kentridge, mchoraji na mtunga michezo wa Johannesburg. Hakuufanya peke yake. Muziki ulitungwa na Philip Miller pamoja na Thuthuka Sibisi, na ngoma zikapangwa na Gregory Maqoma, wote wa Afrika ya Kusini. Bwana N'Faly Kouyaté wa Guinea akaja na kinanda chake cha nyuzi kiitwacho kora, na kundi la wapiga muziki la The Knights likatoka New York. Ulionyeshwa mara ya kwanza London mwezi Julai 2018, mwaka wa kutimia miaka mia tangu vita vile vilipokwisha. Kisha New York mwezi Desemba mwaka huo huo.

Jukwaa lake lilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 50, hata mtazamaji hakuweza kuona yote kwa mara moja. Ilimpasa kugeuza shingo huku na huku. Waigizaji walipita kwa mfululizo mrefu wamebeba vitu vichwani, na taa zikavitupa vivuli vyao ukutani vikawa vikubwa kama majitu. Hivyo wale waliosahauliwa walionekana wakubwa kuliko majenerali.

Jambo la ajabu ni namna maneno yalivyopatikana. Hakukuwa na mtu mmoja aliyekaa mezani akaandika kitabu kizima, kisha wengine wakakariri. Walikusanya vipande: methali za Kisetswana zilizokusanywa na Sol Plaatje, amri za kitabu cha mazoezi ya askari, maneno ya Frantz Fanon yaliyofasiriwa kwa Kiswati, na maneno ya John Chilembwe wa Nyasaland, ambaye mwishoni mwa mwaka 1914 aliandika barua gazetini kuuliza kwa nini Waafrika wafe katika vita visivyo vyao. Vipande hivyo vilijaribiwa mbele ya wote, kwa sauti na kwa mwili. Kilichofaa kikawekwa, kisichofaa kikatupwa. Lugha nyingi zilisemwa kwa pamoja, na nyingine hazikueleweka kwa makusudi, kwa sababu mpagazi naye aliamrishwa kwa lugha asiyoijua.

MFANO WA DAR ES SALAAM

Mchezo huo si wa pekee. Mwaka 2016 kundi la Flinn Works la Berlin liliungana na kundi la Asedeva la Dar es Salaam, pamoja na jumba la michezo la mji wa Kassel, wakatunga mchezo uitwao Maji Maji Flava juu ya vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hata 1907. Wajerumani na Watanzania walisimama jukwaa moja kuusimulia. Kazi ya namna hiyo si rahisi. Babu wa mmoja alitumwa na dola iliyochoma mashamba ya babu wa mwenziwe. Na anapotamka mmoja neno ushujaa, mwingine husikia mauaji. Lakini wasipokaa pamoja, kila upande hubaki na nusu ya hadithi, na mwenye nusu huidhani nzima.

NANI HUSHIKA MFEREJI?

Hata hivyo msomaji mwenye busara atauliza: faida ni ya nani? Mchezo wa wapagazi ulilipiwa na mashirika ya Uingereza, Marekani na Ujerumani, na London na New York ziliuona miaka mitano kabla ya Johannesburg, ambako ulifika mwaka 2023. Miji yote hiyo iko mbali na Salaita. Hatuwalaumu waliotoa fedha, maana bila wao kazi isingalifanyika. Lakini wakulima wa Taveta wanalijua jambo hili vizuri kuliko wengine: katika mfereji wa maji, aliye juu ndiye anayenywesha kwanza, na aliye chini hungoja kinachobaki. Ndiyo sababu watu wa mfereji mmoja hufanya mapatano ya zamu kabla ya kiangazi, wala hawangoji mpaka migomba ikauke.

Ushirikiano wa michezo ya kuigiza nao wataka mapatano ya namna hiyo. Kabla ya siku ya kwanza ya mazoezi yafaa iandikwe: ni nani mwenye mchezo, jina la nani litatangulia, malipo yatagawanywaje, na mchezo utaonyeshwa wapi kwanza. Na mzee atakayetoa hadithi ya baba yake ahesabiwe kuwa mtungaji mmojawapo, asipewe shukrani za mdomo tu.

KAZI ILIYO MBELE YETU

Watu wa Bomeni hawana haja ya kungoja wageni wa mbali. Ng'ambo ya mpaka, pale Holili, kuna watu ambao babu zao walibeba mizigo ya Wajerumani wakati babu wa huku wakibeba ya Waingereza. Lugha yao ni Kiswahili kama yetu, na siku za soko hukutana kuuziana ndizi na mahindi. Shule za Kenya hutunga michezo mipya kwa mashindano ya taifa; je, shule moja ya Taveta na nyingine ya upande wa Moshi haziwezi kutunga mmoja kwa pamoja? Gharama yake si kubwa: daftari, ruhusa ya wakuu wa shule, nauli fupi, na subira ya kusikilizana.

Wapagazi wenyewe wamekwisha kufariki. Wajukuu zao bado wako, nao wamezeeka, na yale machache waliyosimuliwa utotoni yanapungua kila mwaka. Anayetaka kuyaandika na aanze likizo hii, akianza na nyumba ya jirani yake.