Kisumu hadi Usenge bila gari: lipa nauli kwa simu na usikwame ziwani

Kila likizo ikikaribia, swali ni lile lile: naenda kutembea upande wa Bondo na Usenge, sina gari, nibebe pesa ngapi mkononi? Jibu fupi ni kwamba sehemu kubwa ya safari utalipa kwa simu. Jibu refu liko ziwani, tutalifikia.

Tuanze Kisumu. Ndani ya mji, tuktuk na boda zinakutosha kabisa, iwe unaenda Dunga kula samaki au sokoni Kibuye. Patana bei kabla hujapanda, kisha uliza: "Unalipwa kwa Till ama kwa nambari ya kawaida?" Si swali la bure. Ukituma kwa nambari ya kawaida unaweza kukatwa ada ya kutuma, na wengine watakuambia utume "na ya kutoa." Hiyo ya kutoa si sheria, ni maelewano. Iingie kwenye bei mapema, isije ikakurukia mwisho wa safari.

Magari ya Usenge hufuata barabara ya Busia hadi Kisian, halafu yanakata kushoto kupitia Akala na Ndori hadi Bondo. Mengine huishia Bondo na unaunganisha hapo. Kama umekuja kwa ndege, huna haja ya kurudi mjini, maana uwanja uko kando ya barabara hiyo hiyo ya Busia. Shida ni kwamba matatu huwa zimeshajaa zikifika hapo, kwa hivyo mwenye mizigo ni heri aende steji.

Ndani ya matatu, kondakta hutaja nambari mara moja tu, na muziki uko juu. Mwambie akuonyeshe kwenye simu yake. Jina likitokea kwenye skrini, lisome kwa sauti kabla malipo hayajakamilika. Mara nyingi ni jina la mwenye gari, usishtuke. Akisema halijui, ghairi hapo hapo. Kughairi ni sekunde moja, lakini kufuatilia pesa iliyoenda kwa mtu mwingine ni kazi ya siku nzima.

Ukifika Usenge, boda itakupeleka Got Ramogi, kilima ambacho Wajaluo wengi hukitaja kama makao ya kwanza ya mababu zao nchini Kenya. Wengi lakini wanataka kuvuka kwenda Mageta, kisiwa ambacho serikali ya kikoloni ilikifanya kambi ya kuwafungia watu wakati wa Mau Mau.

Hapo ndipo mimi niliponaswa. Boti ilikuwa inaondoka, nikatuma nauli, ujumbe haukuja. Nahodha akaangalia simu yake: "Omera, haijaingia." Nikatuma tena. Tulipofika katikati ya maji, mtandao uliporudi, zikaingia jumbe mbili kwa mpigo. Nilikuwa nimelipa mara mbili, na ile ya pili ndiyo ilikuwa nauli yangu ya kurudi Kisumu. Mfukoni nilikuwa na shilingi 40.

Kosa lilikuwa langu. Ujumbe kuchelewa si kusema pesa haijatoka. Kabla ya kutuma mara ya pili, angalia salio. Kama limepungua, pesa iko njiani, na nahodha atasubiri kama umemwonyesha. Salio nalo likikataa kufunguka kwa sababu ya mtandao, usijaribu bahati, lipa kwa noti.

Kwa hivyo beba pesa taslimu ya kuvuka na kurudi, na ziwe noti ndogo ndogo, kwa sababu chenji ya noti ya 1,000 ufukweni ni hadithi ndefu. Kama unahitaji kutoa pesa, toa Bondo au Usenge, usingoje kisiwani. Chaji simu usiku, maana simu iliyozima haina nauli. Karibu na mpaka simu inaweza pia kudaka mtandao wa Uganda yenyewe, basi weka chaguo la mtandao liwe la mkono.

Nahodha wangu alinirudishia pesa zote jioni hiyo, tena hakukata hata ya kutuma. Alichokataa ni kuondoka kabla sijafunga vizuri jaketi la kuokoa maisha. Ukipanda, liulize kabla hata ya kuuliza nauli, na kama unaweza, vuka asubuhi ziwa likiwa bado limetulia.