Baraza Lililofutiwa Neno "Sayansi"

Mwaka 1946, kamati ya mwanahistoria wa uchumi John Clapham iliishauri serikali ya Uingereza kwamba wakati wa kuunda baraza la utafiti wa sayansi ya jamii ulikuwa haujafika. Tiba ilikuwa na baraza lake, kilimo nacho kilikuwa na lake. Waliochunguza familia, kazi na umaskini wakasubiri karibu miaka 20, hadi kamati ya Lord Heyworth, aliyewahi kuongoza Unilever, ilipopendekeza vingine. Baraza likaanzishwa mwaka 1965 na kukabidhiwa Michael Young, mwanasosholojia aliyejulikana kwa kuchunguza maisha ya familia za Bethnal Green, mashariki mwa London.

Kazi ya baraza ilikuwa kugharimia utafiti na kusomesha watafiti wapya. Fedha zilitoka serikalini, lakini maombi yalipimwa na wataalamu wenyewe. Hapo ndipo penye roho ya chombo cha namna hii: anayechunguza ukosefu wa ajira hapaswi kusubiri waziri aliridhie swali lake.

Mwishoni mwa 1981, Keith Joseph, waziri wa elimu wa Margaret Thatcher, alimtaka Lord Rothschild alichunguze baraza hilo. Wengi walidhani siku zake zimehesabiwa. Rothschild, mwanabiolojia, akashauri lisivunjwe. Likapona, ila neno "sayansi" likaondolewa, likaitwa Baraza la Utafiti wa Kiuchumi na Kijamii. Kwangu hilo ni kosa hadi leo, maana sayansi ni namna ya kuuliza na kuhakiki, hata anayeulizwa akiwa binadamu.

Tazama utafiti wa kaya ambao baraza liliugharimia kuanzia 1991, ukiendeshwa na Chuo Kikuu cha Essex. Wasaili walianza na kaya zipatazo 5,500, kisha wakawarudia watu walewale kila mwaka. Kijana akihama kwao, dodoso lilimfuata; akianza kuishi na mwenzi, naye mwenzi alihojiwa. Ukihesabu maskini mara moja tu, utadhani ni kundi moja lisilobadilika. Majibu ya miaka mfululizo yalionyesha wengi wakiingia na kutoka: huyu kapata kazi, yule ndoa imevunjika, mwingine kapata mtoto na mshahara ni uleule.