Je, Wajua? Tokeni, Ramani na Daraja

Stima ikizima saa mbili usiku pale Komarock, Nairobi, kwa sababu mita imeishiwa, hakuna haja ya kutoka nje kutafuta duka. Unalipa kwa M-Pesa ukiwa umeketi, na kabla hujaupata mshumaa, ujumbe unaingia na tokeni: tarakimu 20 za kubonyeza kwenye mita. Je, wajua kwamba katika nukta hizo chache kompyuta za kampuni ya simu na za kampuni ya umeme zimepigiana hodi, zikaulizana na kujibizana? Mlango ambao programu moja hupitia kuomba kazi kwa programu nyingine, mafundi huuita API. Kwa milango hiyo mtu huchukua huduma mbili au tatu za watu mbalimbali, akazichanganya, akapata kitu ambacho hakuna hata mmoja wao aliyekuwa nacho. Ni githeri: mahindi ya huku, maharagwe ya kule, sufuria moja.

Je, wajua kwamba mojawapo ya githeri za kwanza kuvuma ilipikwa bila mwenye mahindi kuulizwa? Mwaka 2005 Paul Rademacher alikuwa akitafuta nyumba ya kupanga huko California. Matangazo ya nyumba yalikuwa kwenye tovuti ya Craigslist, ramani ikawa Google Maps. Akaichokonoa programu ya ramani hadi akaielewa, akapachika nyumba juu yake. Kazi hiyo akaiita HousingMaps. Google haikumshtaki. Ilimwajiri baadaye, na Juni 2005 ikafungua API ya ramani zake kwa kila mtu.

Je, wajua kwamba mchanganyiko uliotambulika duniani kote kutoka Kenya una jina la Kiswahili? Mwisho wa Desemba 2007, baada ya matokeo ya uchaguzi, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Watu wakawa wanauawa na kufukuzwa makwao huku redio na runinga zimezibwa mdomo. Januari 3, 2008, mwanasheria Ory Okolloh aliandika mtandaoni akiuliza kama kuna mafundi wa kuweka matukio hayo kwenye ramani. Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia waliitika. Kobia alikuwa Alabama, Marekani, na kwa siku chache tu tovuti ikasimama: ramani ya Google chini, ripoti za wananchi kwa simu na barua pepe juu yake. Wakaiita Ushahidi. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilikuja kuhesabu waliouawa kuwa 1,133. Mimi naamini jina Ushahidi ndilo sehemu bora ya kazi yote, kwa kuwa ramani ilikuwa ya kuazima na programu nyingi zilikuwa za bure, lakini aliyeona nyumba ya jirani ikiungua hakuwa na mbadala.

Je, wajua kwamba Ushahidi ilivuka bahari? Tetemeko lilipoipiga Haiti Januari 12, 2010, walionusurika walituma ujumbe kwa nambari 4636. Wahaiti waliokuwa ughaibuni waliutafsiri kutoka Krioli, na wanafunzi karibu na Boston, Marekani, wakaupachika kwenye ramani.

Je, wajua kwamba Safaricom ilipowafungulia mafundi mlango mpya wa M-Pesa mwaka 2017 iliupa jina la Daraja? Kile kisanduku kinachojitokeza kwenye simu yako kikitaka namba ya siri unaponunua kitu mtandaoni hupitia hapo.

Je, wajua kwamba zamani njia nyingi za matatu ziliishi vichwani mwa makondakta na abiria tu? Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi walipanda matatu na simu zao, wakanakili kila njia na kila steji. Wenzao wa vyuo vya MIT na Columbia wakasaidia kuzipanga data hizo katika mtindo ambao mabasi ya Marekani hutumia. Mtindo wenyewe ulilazimika kulegezwa, kwa maana basi la Marekani lina ratiba, nayo matatu hungoja ijae. Mwaka 2014 mradi huo, Digital Matatus, ulitoa ramani ya njia zaidi ya 130 na kuziacha data wazi. Mwaka uliofuata Google Maps ikazichukua. Ukiuliza simu yako leo namna ya kutoka Komarock hadi mjini, kumbuka kuna mtoto wa chuo aliyebanwa kiti cha nyuma akihesabu vituo.

Je, wajua kwamba mwenye mlango anaweza kubadilisha bei? Julai 2018 Google ilibadilisha malipo ya ramani zake, na waliokuwa wamejenga juu yake wakalazimika kusajili akaunti ya malipo. Hapo ndipo OpenStreetMap, ramani huru ambayo yeyote anaweza kuichora, iliyoanzishwa mwaka 2004, inaponigusa. Ndiyo ambayo vijana wa Map Kibera waliitumia kuanzia 2009, walipochora mtaa wao uliokuwa karibu tupu kwenye ramani za mtandaoni. Mkazi wa Komarock anayejua ni geti lipi hufungwa usiku naye anaweza kuliandika humo bila kulipa hata shilingi. Akishahifadhi, programu yoyote inayotumia ramani hiyo itaweza kulisoma.